Muulize Muuguzi: Chandarua baharini, nyama ya kasa, salfa na mtungi wa maji

Barua nilizopokea safari hii kutoka Mtwara na Lindi zinauliza habari za mwili, lakini kila moja inaanzia baharini, shambani au kwenye njia ya kisima. Nimechagua nne. Kwa wasomaji wapya: mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, mzaliwa wa Kitangari, Newala, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza kwenye zahanati za pwani.

*Shikamoo bibi. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Msimbati. Maji yakipwa wanawake tunatoka na vyandarua kutanda. Tunapata visamaki vya mboga na vingine tunakausha tukauze. Watu wa hifadhi wanatufukuza, watu wa zahanati nao wanasema chandarua ni cha kulalia. Sasa tule nini? Na ni kweli dawa ya chandarua inaua samaki? (Mama wa Msimbati)*

Marahaba mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho. Ndiyo, inaua. Dawa inayowekwa kwenye vyandarua, iwe permethrini au deltamethrini, haimdhuru mtu anayelala ndani yake, lakini kwa samaki, kamba na kaa ni sumu kali. Hata chandarua kilichokwisha dawa bado kina tundu za milimita 2 hivi, hakimwachi mdogo wala mkubwa. Na pale mnapotanda, kwenye majani ya bahari, ndipo tasi, changu na pono wanapokulia kabla ya kwenda mwambani. Tasi wa urefu wa kidole unayemkausha leo ndiye aliyekuwa aingie demani mwakani.

Kwa hiyo wanachosema watu wa hifadhi ni kweli. Ninachowalaumu ni kwamba wanaishia hapo. Tangu Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ianzishwe mwaka 2000, kuna watu wanaokuja kijijini kuzungumza matumbawe na wengine wanaokuja kuzungumza malaria, na wote wanaingia nyumba ileile, kwa mama yuleyule, siku tofauti, bila kuulizana. Mmoja anaacha chandarua, mwingine anakuja kukinyang'anya ufukweni. Hakuna kati yao aliyefunua sufuria.

Ng'ambo ya Ruvuma, kule Cabo Delgado, watafiti Benjamin Jones na Richard Unsworth waliufuatilia uvuvi huu wa vyandarua na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020. Walikuta mambo ambayo wewe ungewaambia bila kupimwa: wanaovua hivyo zaidi ni wale wasio na kitu, wasio na mtumbwi wala nyavu halali, na kwa macho yao kazi hiyo inalipa. Walikuta pia kwamba kinachonaswa kina samaki wachanga wengi wa aina zilezile ambazo wavuvi wengine wanazitegemea. Miaka miwili kabla, Rebecca Short na wenzake walikuwa wameonyesha kuwa jambo hili liko katika nchi nyingi na si la Msimbati peke yake. Nakutajia haya ili siku ukisimama kwenye mkutano wa kijiji usione aibu. Huna tabia mbaya, una shida ambayo imeandikwa na kuthibitishwa.

Wapo wanaosema dawa yake ni kupunguza kugawa vyandarua. Nawapinga kwa nguvu zangu zote. Mwaka 2013 mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule za msingi ulianzia mikoa yetu hii ya kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma, na nyumba yenye wanafunzi wengi ikaweza kuwa na vyandarua kuzidi vitanda. Ziada ilikwenda baharini, sawa. Lakini nchi nzima, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na malaria kwenye vipimo vya jamii walishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi asilimia 8 mwaka 2022, na Mtwara bado iko miongoni mwa mikoa iliyo juu ya wastani huo. Mimi nimewapokea wajawazito wenye malaria walioishiwa damu hadi viganja vimekuwa vyeupe, na nimewapima watoto wao waliozaliwa na uzito mdogo. Chandarua kikipungua kitandani, nakijua kinachofuata.

Vilevile sikubali mtu aseme kile kibakuli chako cha visamaki ni uharibifu mtupu. Samaki wadogo wanaoliwa na miba yao wanampa mtoto kalsiamu, madini ya chuma na protini ambavyo hatavipata kwenye ugali wa muhogo. Asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa kwa takwimu za 2022. Anayekuzuia kutanda bila kukuonyesha mboga nyingine anaokoa samaki kwa gharama ya mtoto.

Sasa ufanye nini? Chandarua cha kitanda anacholalia mjamzito au mtoto mdogo kisiguswe kwa sababu yoyote, hata kama leo hamna mboga. Kilichochakaa kabisa usikifulie mtoni wala kukitupa pwani. Zungushia bustani ya mchicha au banda la vifaranga, mbali na maji. Halafu mkusanyike wanawake mpeleke hoja ya kufunga mwamba wa pweza kwa muda kwenye kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha kijiji. Pweza wetu maisha yake ni ya mwaka na kitu tu, kwa hiyo hukua upesi mno. Kusini-magharibi mwa Madagaska wanavijiji walianza mwaka 2004 kufunga kipande cha mwamba kwa miezi miwili mitatu kisha kukifungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya kumbukumbu za ufungaji kama huo wa miaka minane, ulikuta mwezi wa kwanza baada ya kufungua pweza walioletwa nchi kavu waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700 ukilinganisha na mwezi kabla ya kufunga, na kila mvuvi alipata kwa siku karibu asilimia 90 zaidi. Waliokuwa wakiwasaidia kwenye uvuvi huo waliongeza huduma za afya na uzazi wa mpango kuanzia 2007, kwa sababu akina mama ndio walioomba. Huku kwetu Songosongo, Kilwa, wamejaribu ufungaji wa namna hiyo.

Kuna masharti mawili ambayo mkiyasahau wanawake mtapunjwa. La kwanza, mfunge kipande, msifunge mwamba wote, ili siku za kungoja mpate pa kwenda. La pili, siku ya kufungua iwe ya bamvua na maji yawe yamekupwa mchana, ili mwanamke anayetembea na kijiti chake aufikie mwamba. Ikichaguliwa siku ya maji mafu, vijana wenye miwani ya kuzamia watakuwa wamemaliza kila kitu ninyi mmesimama ufukweni na ndoo. Na pweza wa chini ya nusu kilo kanuni zinakataza kumtoa, kwa hiyo mizani iwepo palepale, pembeni ya mnunuzi.

*Mama, kasa akinasa kwenye jarife na akafa mwenyewe, kuna ubaya gani kumla? Wazee wetu walikula. (Kijana wa Kilwa)*

Usile, mwanangu, na usimgawie mtu. Sheria inakataza, hilo unalijua. Mimi nakuzuia kwa sababu ya chumba cha wagonjwa. Nyama ya kasa mara nyingine hubeba sumu ambayo haionekani, hainuki, na haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula kasa, 8 kati yao watoto, na wengine 78 walilazwa. Wazee walikula na wengine hawakudhurika kwa sababu si kila kasa ana sumu, na hakuna mtu anayeweza kumtambua mwenye sumu kwa kumtazama.

Kinachoniuma zaidi: sumu hiyo hupita kwenye maziwa ya mama. Mtoto anayenyonya anaweza kufa kwa chakula ambacho hakukigusa. Akitokea aliyekula akaanza kichefuchefu, koo kuwaka, vidonda mdomoni au usingizi mzito, apelekwe hospitali hapohapo pamoja na wote waliokula naye, wagonjwa na wazima. Dawa ya kuipinga sumu hiyo haipo. Kinachookoa ni kuwahi kupata maji ya mishipani na uangalizi.

*Shikamoo mama. Mimi mkulima wa korosho, Tandahimba. Msimu wa kupulizia salfa kifua kinanibana na macho yanawasha wiki nzima. Mke wangu mjamzito ndiye ananijazia mashine. Tena naona mihogo chini ya mikorosho haizai kama zamani. Je, salfa ndiyo inatumaliza? (Mkulima wa Tandahimba)*

Marahaba baba. Barua yako nimeisoma zaidi ya nyingine zote, maana nimekulia kwenye vumbi hilo. Miaka ya mwanzo ya 1970 korosho ndiyo ilikuwa kusini: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mashamba yakaachwa mbali, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaoshika majani na maua ya mikorosho, ukaingia. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Aliyeona baba yake akikata mikorosho kwa kukata tamaa hawezi kuisema salfa vibaya kirahisi. Salfa, pamoja na kazi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, ndiyo iliyoturudishia ada za shule na mabati.

Lakini lile unaloliona kwenye mihogo yako si ndoto. Salfa ikianguka chini, vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa asidi. Udongo wa uwanda wetu wa Makonde ni kichanga, hauna nguvu ya kuizuia hiyo asidi. Amos Majule na wenzake walilichunguza jambo hili huku kusini na kulichapisha mwaka 1997, yaani onyo lina umri wa kijana mwenye watoto. Hata hivyo kila msimu tunasikia imegawiwa mifuko mingapi na zimeuzwa tani ngapi mnadani. Hatusikii udongo umepimwa mashamba mangapi, wala vifua vimebana vingapi. Mwombe afisa ugani wako, tena kwa maandishi kupitia AMCOS, chama chenu cha ushirika, udongo wa mashamba upimwe uchachu. Msiwe mnaongeza mifuko kwa kuwa tu ni ya ruzuku.

Njia ya kupunguza salfa iko kwenye mikorosho yenyewe. Ubwiri unga hupenda majani yaliyosongamana na chipukizi nyingi za kivulini. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12. Mashamba mengi ya wazee yamebanana kiasi kwamba matawi yanashikana mikono. Kupogolea na kuondoa miti iliyozidi kunapunguza ugonjwa kabla hujafungua mfuko hata mmoja. Najua mkorosho unauma kuukata. Ukipanda upya, dai miche ya mbegu za Naliendele zinazoustahimili ubwiri unga, usipande korosho ya kuokota.

Tuje kwenye miili yenu. Mkeo asiguse tena kazi hiyo. Aache leo, na asiwepo shambani wakati wa kupulizia. Wewe pulizia alfajiri, umande ungali majani na upepo umetulia. Salfa itashika vizuri na wewe utavuta kidogo. Kusi ikianza kuvuma, zima mashine, hata kama imebaki mistari miwili. Kanga iliyofungwa puani haizuii vumbi lile. Tafuta barakoa ya vumbi inayobana usoni, miwani iliyofunika pembeni, shati la mikono mirefu na viatu vya kufunika. Ukirudi, oga na ubadili nguo kabla hujamshika mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Kama kifua kinabana hata msimu ukiisha, au unaamka usiku kwa kukosa pumzi, nenda ukapimwe pumu, usinywe dawa ya kikohozi tu.

Jambo moja hukuliuliza lakini nimelikuta nyumba nyingi: mfuko wa salfa uliokwisha huoshwa ukawekwa makopa au mbaazi. Chupa za dawa za maji, zile wengine wanazotumia badala ya salfa, nazo hubebewa maji ya kunywa shambani. Dawa za maji hazina vumbi, kwa hiyo watu huzidhani nyepesi, kumbe nyingine hupenya kwenye ngozi bila kuwasha. Chupa hiyo itobolewe siku hiyohiyo. Na salfa isilale chumba mnacholala.

*Habari za kazi mama. Ninafundisha shule ya msingi Newala. Wanafunzi wangu wameniuliza kama ni kweli chikungunya ilianzia kwetu. Na kwa nini tunaambiwa tupande miti kwenye vyanzo vya maji ili kuzuia magonjwa, wakati miti na homa naona havihusiani? (Mwalimu wa Newala)*

Nzuri mwalimu. Ulipoanzia ugonjwa ule, homa ya mbu inayouma viungo, ni swali jingine, lakini kwetu ndipo ulipotambuliwa na kuandikwa mara ya kwanza. Mlipuko ulikuwa uwandani Makonde mwaka 1952 na 1953. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake mwaka 1955, W. H. R. Lumsden akaandika namna ulivyoenea, na R. W. Ross akaeleza kirusi chenyewe mwaka uliofuata.

Waambie wanafunzi wako alichokiona Lumsden, maana ndicho kinachojibu swali lako la pili. Juu ya uwanda hakuna mito. Mvua inazama mchangani. Wanawake walishuka mabondeni kufuata maji, mwendo mrefu, kisha wakapanda na mitungi kichwani. Maji yaliyopatikana kwa taabu hivyo hakuna anayeyamwaga, kwa hiyo yalikaa ndani ya nyumba siku nyingi, na mbu aina ya Aedes akayageuza mazalio. Mbu huyo anang'ata mchana, watu wakiwa jikoni na uani, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakimtoshi. Ugonjwa ulipita kwenye umbali wa kisima. Bibi zetu hawakuwa wachafu.

Miti haifukuzi homa, uko sahihi. Ila chemchemi za mabondeni hutegemea mvua iliyozama uwandani na kwenye miteremko, na mteremko uliofyekwa hadi ukingoni hutelemsha maji na mchanga badala ya kuyaacha yazame. Chanzo kikidhoofika au mashine ya kusukuma ikisimama, mabomba yanakauka kwa siku kadhaa, na kila nyumba inarudi kuhifadhi: ndoo, pipa, tangi la plastiki, kisima cha mvua cha saruji. Hapo tunarudi mwaka 1952, na safari hii kuna homa ya dengi pia, inayoenezwa na mbu huyohuyo.

Kwa hiyo shuleni kwako anzeni na vyombo vya maji. Kila tangi liwe na mfuniko unaobana, na mdomo wa kisima cha mvua ufungwe wavu. Ndoo na mitungi isiyofunikwa imwagwe na kusuguliwa kwa brashi kila wiki, kwa sababu mayai hushika kwenye kuta za chombo na kumwaga tu hakuyaondoi. Vifuu, makopo na matairi yaliyotupwa nyuma ya madarasa yaondolewe kabla ya mvua za Desemba. Mteremko wa juu ya chanzo uingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na mwenye shamba pale apewe eneo jingine kwanza. Ukimwondoa mtu bila kumwonyesha pa kulima, atarudi na panga usiku, na mimi sitamlaumu.

Mtoto akija na homa ya ghafla na viungo vinamuuma hadi anashindwa kushika kalamu, msiishie kusema ni malaria, apimwe. Wakati anasubiri majibu apewe parasetamo na maji ya kunywa kwa wingi. Asipewe aspirini wala diklofenaki, kwa sababu ikiwa ni dengi dawa hizo zinaweza kumsababishia kutokwa na damu.